Mgombea Anayeuzika: Mpiga Kura wa Mchujo na Makisio Juu ya Jirani Yake

Februari 2020, siku chache kabla ya uchaguzi wa mchujo, yaani kura ya kumpata mgombea urais, wa chama cha Democratic katika jimbo la South Carolina, mbunge mweusi wa jimbo hilo, James Clyburn, alikwenda kanisani kumzika mtu aliyekuwa mhasibu wake kwa miaka mingi. Bibi mmoja, mhudumu wa kanisa, alikuwa ameketi safu ya mbele. Akamwita kwa ishara ya mkono, akamwambia ana swali, na kwamba kama hapendi watu wengine wasikie jibu basi ainame amnong'oneze. Swali lenyewe lilikuwa fupi: utampigia nani? Clyburn akainama na kumtajia Joe Biden. Bibi akamjibu kwamba yeye alihitaji kulisikia hilo, na jamii nzima ilihitaji kulisikia. Clyburn mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hii. Tarehe 26 Februari alisimama hadharani na kutangaza anamuunga mkono Biden, na siku tatu baadaye Biden, ambaye katika majimbo mawili ya kwanza kupiga kura alikuwa ameshika nafasi ya nne Iowa na ya tano New Hampshire, alipata zaidi ya asilimia 48 ya kura za South Carolina huku Bernie Sanders aliyemfuata akiambulia chini ya asilimia 20.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa nguvu ya mzee mmoja wa siasa, na ni kweli kwamba karibu nusu ya wapiga kura wa siku ile waliwaambia watafiti kwamba kauli ya Clyburn ilikuwa na uzito katika uamuzi wao. Kinachonivuta mimi zaidi ni lile swali la bibi. Hakuuliza nani ana sera nzuri, wala nani ni mwadilifu kuliko wenzake. Aliuliza mwenziwe anaelekea wapi. Nimekuja kuamini, baada ya kuifuatilia michujo ya Marekani tangu ule wa 2008 uliotukesha wengi mbele ya redio na televisheni, kwamba swali hilo ndilo lililolala chini ya maelezo mengi ambayo wapiga kura wa mchujo huyatoa wanapotakiwa kusema kwa nini wamemchagua fulani. Mdomoni wanamtaja mgombea, lakini wanachokieleza hasa ni makisio yao kuhusu wapiga kura wengine: jirani wa ng'ambo ya barabara, shemeji anayeishi jimbo lingine, mfanyakazi wa kiwanda wa Wisconsin ambaye hawajawahi kuonana naye na hawataonana naye kamwe.

Kiswahili cha siasa kina neno lake kwa jambo hili. Tunasema mgombea fulani anauzika, au hauziki. Neno hilo lilisikika sana mwaka 2015, wakati makada 42 wa CCM walipochukua fomu za kuomba kugombea urais wa Tanzania, na vikao vya Dodoma vikawachuja hadi wakabaki watano, kisha watatu, kisha mmoja. Ni neno la sokoni, na linasema ukweli kuliko linavyokusudiwa kusema. Bidhaa huuzika kwa mnunuzi, wala si kwa mwenye duka. Anayesema "huyu hauziki" hajasema kwamba yeye hamtaki. Amesema kwamba wanunuzi hawatamtaka, na huenda yeye mwenyewe anampenda sana. Dodoma hesabu hiyo ilifanywa na wajumbe wa vikao, watu waliozoea kuyapima mawazo ya wengine. Marekani imekabidhiwa kwa mwalimu mstaafu, dereva wa lori na muuguzi anayetoka zamu ya usiku, na kila mmoja wao anaifanya peke yake, akiwa na karatasi ya kura mkononi.

Mwaka 2020 hesabu hiyo ilijitokeza wazi mno. Jimbo baada ya jimbo, watafiti waliosimama nje ya vituo waliwauliza Wademokrati kama walipendelea mgombea anayekubaliana nao kuhusu masuala makubwa, au mgombea awezaye kumshinda Donald Trump, na takriban sita katika kila kumi walichagua la pili. Miezi kadhaa kabla ya hapo, Juni 2019, kampuni ya utafiti ya Ipsos ilikuwa imewauliza Wademokrati na wapiga kura wasiofungamana na chama kama wao wenyewe wangeridhia rais mwanamke. Asilimia 74 walisema wangeridhia. Walipoulizwa kama majirani zao wangeridhia, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 33 tu. Sehemu ya pengo hilo ina maelezo mepesi, kwa kuwa majirani wengine ni Warepublican. Hata hivyo pengo la pointi 41 ni pana mno kuelezwa kwa sababu hiyo peke yake. Watu wengi walikuwa wakiwatilia shaka majirani ambao, katika nyumba zao, walikuwa nao wakiwatilia shaka wao.

Aliyelipia shaka hiyo kwa uwazi zaidi alikuwa Elizabeth Warren, seneta wa Massachusetts. Katika mikutano yake alikuwa na desturi ya kupiga magoti mbele ya watoto wa kike, kuwaambia kwamba anagombea urais kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya wasichana, na kufungamana nao vidole vidogo kama watoto wanavyowekeana ahadi. Mnamo Oktoba 2019 baadhi ya tafiti za maoni zilimweka mbele ya wote. Machi 3, 2020 alishika nafasi ya tatu katika jimbo lake mwenyewe, na siku mbili baadaye akajitoa. Alipozungumza na waandishi wa habari nje ya nyumba yake aliwataja wale wasichana, kwamba sasa itabidi wasubiri miaka minne mingine.

Jambo lililonishangaza zaidi katika mchujo huo linahusu bima ya afya. Sanders alitaka bima moja ya serikali kwa kila Mmarekani, itakayochukua nafasi ya bima za kampuni binafsi. Biden aliupinga mpango huo waziwazi. Katika majimbo mengi yaliyopiga kura Machi 3, siku ambayo Wamarekani huiita Jumanne Kuu, wengi wa Wademokrati waliohojiwa wakitoka vituoni walisema wanauunga mkono mpango wa bima ya serikali. Na katika mengi ya majimbo hayo hayo Biden alishinda. Mwandishi wa habari aliyezoea kudhani kwamba kura ni tamko la matakwa ya mtu angesema wapiga kura hawa wamejichanganya. Hawakujichanganya. Waliulizwa maswali mawili na wakajibu mawili: moja lilihusu wanachokitaka wao, lingine lilihusu wanachodhani nchi itakikubali.

Siku tatu kati ya ushindi wa South Carolina na Jumanne Kuu zinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ni nadra siasa kutupatia jaribio safi namna hiyo. Jumapili tarehe 1 Machi mgombea mwenzake Pete Buttigieg alijitoa. Jumatatu mgombea mwingine, Amy Klobuchar, alijitoa, na jioni yake akapanda jukwaa moja na Biden mjini Dallas. Jumanne Biden alichukua majimbo 10 kati ya 14, yakiwemo Minnesota, nyumbani kwa Klobuchar, na Massachusetts, nyumbani kwa Warren, majimbo ambayo hakuwa amefanya kampeni ya maana. Wapiga kura walioamua katika siku za mwisho walimwendea kwa wingi. Sasa tujiulize ni kitu gani kilibadilika ndani ya saa 72. Sera za Biden zilikuwa zile zile, umri wake ulikuwa ule ule, na ulimi wake uliokuwa ukijikwaa jukwaani haukuwa umenyooka ghafla. Kilichobadilika ni kwamba kila mpiga kura sasa alijua wenzake wanakwenda wapi. Hata hivyo walipohojiwa, wengi walieleza chaguo lao kwa sifa za Biden: uzoefu wake, utu wake, uwezo wake wa kuunganisha watu.

Siwatuhumu kwa uongo. Kuna utafiti wa mwaka 1977 ambao wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson waliufanya dukani huko Michigan, na mimi huukumbuka kila nisikiapo mpiga kura akijieleza. Wateja walionyeshwa jozi nne za soksi ndefu za nailoni zilizopangwa mezani kwa mstari, wakaombwa waseme ipi ina ubora kuliko nyingine. Jozi zote nne zilikuwa sawasawa, hazina tofauti hata ya uzi. Jozi ya kushoto kabisa ilichaguliwa na asilimia 12 ya wateja, na ya kulia kabisa na asilimia 40. Hakuna aliyesema ameichagua kwa sababu ya mahali ilipokaa. Walipoulizwa kama mahali palichangia, karibu wote walikana, na wakati mwingine wakamtazama muulizaji kana kwamba amepungukiwa. Walikuwa na sababu zao tayari, na walizitoa kwa moyo mweupe. Mpiga kura naye anapotoka kituoni hupewa fomu yenye sababu zilizokwisha kuandikwa (analeta mabadiliko, anawajali watu kama mimi, anaweza kuunganisha nchi) na hutakiwa atie alama moja. Fomu hiyo haina kisanduku cha kusema: nimekwenda walikokwenda wenzangu.

Iowa ilikuwa na utaratibu uliowafanya wenzako hao waonekane kwa macho. Wademokrati wa mtaa mmoja walikutana saa moja jioni, katikati ya baridi kali, kwenye ukumbi wa michezo wa shule, maktaba au kanisani. Mkutano huo huitwa kokasi. Hapakuwa na kura ya siri. Kila kundi lilisimama katika kona yake chini ya bango la mgombea wake, na watu wakahesabiwa. Kundi lililoshindwa kufikia kiwango kilichowekwa, kwa kawaida asilimia 15 ya waliohudhuria, lilihesabiwa kuwa halina uhai, na watu wake wakapewa muda wa kuhama. Hapo ndipo maelezo yalipoanza kutolewa kwa sauti. Mwalimu anamwita mzazi wa mwanafunzi wake. Mume yuko kona hii na mkewe kona ile. Mtu anaombwa mbele ya majirani aseme kwa nini bado amesimama na mgombea ambaye hesabu imekwisha kumkataa. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro nyingi, ikiwemo ile ya kuwaacha nje wafanyakazi wa zamu ya jioni na wagonjwa, na mwaka 2020 matokeo yake yalichelewa kwa aibu kubwa. Lakini ulikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo mpiga kura hakuhitaji kukisia jirani anawaza nini. Alimwona amesimama pale.

Usiku wa Januari 3, 2008, Wademokrati wapatao 239,000 walijitokeza katika mikutano hiyo, karibu mara mbili ya waliojitokeza 2004. Barack Obama alipata asilimia 37.6, na John Edwards pamoja na Hillary Clinton wakabaki kila mmoja chini kidogo ya asilimia 30. Wakati huo zaidi ya tisa katika kila kumi ya wakazi wa Iowa walikuwa wazungu. Miezi michache kabla ya usiku huo, tafiti za kitaifa zilikuwa zikimwonyesha Clinton akiongoza hata miongoni mwa Wademokrati weusi, na viongozi wakubwa weusi, akiwemo mbunge John Lewis, walikuwa upande wake. Novemba 2007 Michelle Obama alikwenda Orangeburg, South Carolina, akalizungumzia waziwazi jambo ambalo watu walikuwa wakilisema kwa vinyozi na kwenye saluni: kwamba Barack ni mtu mzuri, lakini Marekani bado haiko tayari. Neno "Marekani" katika sentensi hiyo lilimaanisha wazungu. Iowa ilipojibu, sentensi hiyo ilikosa mahali pa kusimama. Januari 26 Obama alishinda South Carolina kwa asilimia 55 dhidi ya 27 za Clinton, akiwa amepigiwa na karibu wanane katika kila kumi ya wapiga kura weusi.

Huku kwetu ushindi ule tuliusoma kama hadithi ya damu. Mtoto wa mtu wa Kogelo amegombea, na watu weusi wenzake wamemkimbilia. Ndivyo tulivyozoea kuzisoma kura zetu wenyewe, kwa hiyo ndivyo tulivyozisoma za wengine. Usomaji huo unakosea mpangilio wa matukio. Wamarekani weusi wa South Carolina hawakuikimbilia damu. Walikaa wakingoja wazungu wa Iowa waseme kwanza. Kwa miezi mingi walimpenda mtu bila kumpigia, na ukiwauliza sababu wangekupa sababu nzuri tu za kumchagua Clinton, zote za kweli, huku sababu iliyokuwa ikiendesha mambo ikiwa ni ile ya kwenye saluni.

Sitaki kuivuta hoja yangu kupita urefu wake. Siku tano baada ya Iowa, wapiga kura wa New Hampshire waliambiwa na kila mtafiti kwamba Obama anakwenda kushinda, na wakampa ushindi Clinton, kwa asilimia 39 dhidi ya kama 36. Kuna watu ambao wakisikia kundi linaelekea kulia, wao hukata kushoto. Lakini hata hao wanaamua kwa kulitazama kundi.

Nimesikia wachambuzi wakiwadharau wapiga kura wazee weusi wa Kusini kwa hesabu hii, wakisema wana hofu, au hawana taarifa, au wanaburutwa na viongozi wa makanisa. Dharau hiyo inaniudhi, kwa sababu anayeitoa haijui historia ya kura ya mchujo yenyewe mahali pale. Nusu ya kwanza ya karne iliyopita, South Carolina ilikuwa na chama kimoja chenye maana, nacho ni hicho hicho cha Democratic. Mshindi wa mchujo ndiye aliyekuwa mshindi wa uchaguzi, na mchujo ulikuwa wa wazungu peke yao. Aprili 1944 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoupiga marufuku mchujo wa namna hiyo katika kesi iliyotoka Texas, baraza la kutunga sheria la South Carolina liliitwa kwa kikao maalumu mwezi ule ule, likafuta sheria zake zilizougusa mchujo, ili chama kionekane kuwa klabu ya watu binafsi inayojichagulia wanachama wake. George Elmore, mfanyabiashara mweusi wa mji wa Columbia, alikataliwa kupiga kura katika mchujo wa 1946 na akaenda mahakamani. Mwaka 1947 Jaji J. Waties Waring alimpa haki. Mwaka 1948 maelfu ya Wamarekani weusi wa jimbo lile waliingia vituoni. Elmore aliandamwa na kususiwa hadi duka lake likafa.

Mpiga kura aliyekuwa na umri wa miaka 80 mwaka 2020 alikuwa mtoto wa miaka minane wakati mlango huo ulipofunguliwa. Alikuwa kijana wa miaka 20 wakati wanafunzi wa Orangeburg, Clyburn akiwa mmoja wao, walipokamatwa mwaka 1960 kwa kuandamana kudai huduma sawa. Ni katika mkasa huo wa kuwekwa kizuizini ndipo Clyburn alipokutana na Emily, aliyekuja kuwa mkewe na ambaye, kabla ya kufariki Septemba 2019, alimwambia kwamba wakitaka kushinda basi Biden ndiye. Mpiga kura huyo wa miaka 80 alikuwa na miaka 28 usiku wa Februari 8, 1968, polisi walipowapiga risasi vijana waliokusanyika kwenye chuo cha Orangeburg na kuua watatu. Kwa mtu aliyelelewa katika mambo hayo, kujua mapema mzungu atafanya nini ni elimu iliyomlinda yeye na watoto wake, na aliisoma kwa gharama kubwa kuliko shahada yoyote ya sayansi ya siasa. Anaposema Biden anauzika, anaitumia elimu hiyo. Na Novemba 2020 aliyemchagua alishinda.

Ninaiheshimu hesabu hiyo, na bado nasema ina gharama, tena gharama yake huwaangukia watu wale wale kila mara. Ukimkisia jirani kuwa na chuki kuliko alivyo, unaiadhibu nafsi isiyo na hatia kwa kosa la mtu ambaye huenda hayupo. Kamala Harris, seneta wa California aliyekuwa naye akigombea, alijitoa Desemba 2019, kabla ya kura ya kwanza kupigwa, na moja ya sababu ni kwamba wanawake weusi wa South Carolina, ambao wengi wao walimwonea fahari, hawakuamini kwamba nchi ingempokea. Kisha makisio haya yana ubaya mwingine: hayapimiki. Aliyekataliwa kwenye mchujo kwa sababu hauziki hafikishwi sokoni, kwa hiyo hakuna anayepata kujua kama angeuzika. Clinton alishindwa mwaka 2016 akiwa amemzidi Trump kwa karibu kura milioni tatu nchi nzima, akiwa amepoteza Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa jumla ya kura zisizofika 80,000. Mtu angeweza kusoma hapo kwamba mwanamke anauzika lakini ramani ya majimbo, ambayo ndiyo huamua mshindi, ilimkataa. Wademokrati wengi walisoma kinyume chake, na usomaji huo ndio uliobebwa hadi 2020 na kuwekwa mabegani mwa Warren.

Kwa hiyo napendekeza kwa wenzangu tunaoandika na kutangaza habari za chaguzi, za huko na za kwetu, tuache kumuuliza mpiga kura swali moja la "kwa nini umemchagua?" na kuondoka na jibu kama vile tumepata yaliyomo moyoni. Tumuulize na la pili: kama kura yako peke yako ndiyo ingeamua, bila mtu mwingine kupiga, ungempa nani? Jina likiwa ni lile lile, tumesikia imani yake. Jina likibadilika, tumesikia hofu yake, nayo ni habari kubwa kuliko ya kwanza na inastahili kuandikwa kwa jina lake.

Michigan walilijibu swali hilo la pili bila kuulizwa. Tarehe 27 Februari 2024 zaidi ya watu 100,000 waliingia katika mchujo wa Democratic, ambao Biden alikuwa hana mpinzani wa maana, wakatia alama kwenye kisanduku cha wasiounga mkono mgombea yeyote. Katika mji wa Dearborn, wenye wakazi wengi wa asili ya Kiarabu, kisanduku hicho kilipata zaidi ya nusu ya kura. Sababu waliyoitoa ilikuwa vita vya Gaza. Waliambiwa kwamba wanamsaidia Trump, kwamba hawakufikiria majimbo mengine yatasema nini, na wengi wao walijibu kwamba wamelifikiria hilo na bado hawawezi kumpigia. Unaweza kutokubaliana nao, na Wademokrati wengi hawakukubaliana nao. Lakini maelezo yao yalikuwa ya nafsi ya kwanza tangu mwanzo hadi mwisho, jirani hakutajwa.

Mwaka huo huo chama kilikuwa kimeiweka South Carolina mbele ya majimbo yote, na Februari 3 jimbo hilo lilimpa Biden asilimia 96. Katika michujo yote kwa pamoja alipata kura zaidi ya milioni 14. Kisha ukaja mdahalo wa Juni 27 kati yake na Trump, ambao alijikwaa vibaya, na ile hesabu iliyomwinua miaka minne nyuma ikamgeukia: wabunge, wafadhili na wakubwa wa chama walianza kusema, kwanza kwa kunong'ona na baadaye hadharani, kwamba mzee hauziki tena. Tarehe 21 Julai alijitoa na kumpendekeza Harris, makamu wake. Wajumbe walimpitisha kwa kura ya mtandaoni mwanzoni mwa Agosti, na katika majimbo yote 50 hakuna mpiga kura aliyesimamishwa nje ya kituo akaulizwa kwa nini amemchagua, wala kama anadhani jirani yake angemkubali.